'Sina nguo': Kilio cha moyo mbele ya kabati lililojaa

NI Jumamosi, saa moja asubuhi. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 48 ameketi kwenye ukingo wa kitanda, taulo mabegani, macho yakiwa kabatini. Saa nne anatarajiwa Murang'a katika sherehe ya mahari ya binti wa rafikiye wa miaka mingi. Kitandani yametapakaa marinda matatu, sketi mbili, suti ya samawati na gauni la kitenge alilolishonesha miaka sita iliyopita. Zipu ya gauni hilo imegoma katikati ya mgongo. Suti inamtosha, lakini anahisi inafaa mkutano wa wazazi shuleni kuliko sherehe. Rinda jekundu alikuwa akilipenda mno, ila leo anajiuliza watu watasema nini wakimwona nalo.

Saa mbili na nusu anachukua simu na kumwandikia rafikiye kwamba ameamka na homa. Homa hana. Mumewe anapomuuliza sebuleni ni kipi kilichomfanya abadili nia, jibu lake ni maneno mawili tu: "Sina nguo."

Mwalimu huyu ni mfano tu, lakini asubuhi kama yake hushuhudiwa katika nyumba nyingi nchini. Kwa kawaida jibu hilo huzua kicheko. Waume hulichukulia kuwa ombi la pesa, na watoto hulichukulia kuwa mchezo wa mama. Ukweli ni kwamba mtu wa makamo anaposema hana nguo ilhali kabati halifungiki, mara nyingi hazungumzii uhaba wa vitambaa. Anasema kwamba nguo alizo nazo ni za mtu aliyekuwa yeye zamani, na bado hajajua aliye yeye leo avae nini. Hiyo ni huzuni, na huzuni isipotambuliwa humfungia mtu nyumbani.

Daftari la maisha

Kabati la mtu aliyepita miaka 40 ni kama daftari. Kuna sketi nyembamba ya enzi za kazi ya kwanza. Kuna rinda la ujauzito ambalo halikutolewa kwa sababu ya matumaini ya mtoto mwingine. Kuna suti iliyonunuliwa kwa ajili ya usaili wa kazi ambayo hatimaye alipewa mwingine, na kuna vazi la mazishi ya mzazi ambalo halijawahi kuvaliwa tena.

Anayepekua kabati hilo akitafuta cha kuvaa hulazimika kupitia kurasa hizo zote kabla ya kunywa chai. Ndiyo maana shughuli inayopaswa kuchukua dakika tano humalizika kwa uchovu. Kijana wa miaka 22 hana mzigo huo. Nguo zake zote ni za mtu mmoja, yaani yeye mwenyewe wa leo.

Nguo zisizotosha huwa na uzito wa pekee. Wengi huzihifadhi wakijiambia kwamba watapungua wazirudie. Nia hiyo si mbaya. Tatizo ni kwamba kila asubuhi nguo hizo humkumbusha mwenyewe ahadi ambayo hajaitimiza. Badala ya kumsitiri, humsuta.

Mwili usioomba ruhusa

Mabadiliko ya mwili katika umri huu yana sababu zake, na kuzifahamu hupunguza lawama ambazo watu hujitwika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa wanawake wengi hukoma hedhi wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo huwepo kipindi cha mpito kinachoweza kuchukua miaka kadhaa, ambapo kiwango cha homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio kabla ya kupungua kabisa.

Kupungua kwa homoni hiyo hubadilisha mahali ambapo mwili huweka mafuta. Mafuta yaliyokuwa yakikaa kwenye nyonga na mapaja huanza kukaa zaidi tumboni. Kutokana na hali hiyo, mwanamke anaweza kupanda mizani akakuta uzani uleule wa miaka mitano iliyopita, na bado sketi yake ikakataa kufunga kiunoni. Hajazembea. Umbo ndilo lililobadilika.

Isitoshe, kuna joto la ghafla linalopanda kifuani, shingoni na usoni, likafuatwa na jasho. Blauzi ya kitambaa kisichopitisha hewa, ambayo haikuwa na kasoro miaka yote, hugeuka adhabu katikati ya kikao. Anayewahi kulowa jasho mbele ya wafanyakazi wenzake huanza kuchagua nguo kwa woga: rangi isiyoonyesha majimaji, shingo isiyobana, koti linaloweza kuvuliwa haraka. Asiyejua chanzo cha mabadiliko haya humwona mwenzake amekuwa mtu wa kusitasita.

Wanaume nao hawakusazwa. Tumbo huongezeka, misuli hupungua taratibu, na shati lililokuwa likikaa vizuri huanza kufunguka kati ya vifungo. Tofauti ni kwamba mwanamume hafundishwi kulizungumzia. Hununua mshipi mrefu zaidi, akauteremsha chini ya tumbo na kunyamaza.

Nambari inayodanganya

Chanzo kimoja cha uchungu ambacho hakistahili kuwa chanzo ni nambari iliyo kwenye lebo. Nguo nyingi zinazovaliwa nchini ni mitumba, na zinazouzwa Gikomba na Toi jijini Nairobi, au Kongowea mjini Mombasa, zimetoka katika nchi mbalimbali. Kila nchi ina mpangilio wake wa saizi. Rinda lililoandikwa 14 nchini Uingereza hulingana takriban na 10 ya Marekani, na katika nchi kadhaa za Ulaya huandikwa 42. Hata ndani ya nchi moja, watengenezaji hawafuati kipimo kimoja, na wapo wanaopunguza nambari ili kumfurahisha mnunuzi.

Hivyo basi, mwanamke anaweza kutoka kwenye kibanda kimoja akiwa na furaha kwamba amerudi 10, na kwenye kibanda cha pili akavunjika moyo kwa kuambiwa yeye ni 16, ilhali mwili wake haukubadilika kati ya vibanda hivyo viwili. Wauzaji wanaofungua robota na kuchambua nguo za kwanza, zile ziitwazo 'kamera', wanaijua siri hii. Wengi wao hawasomi lebo. Hulipima rinda kwa macho, wakalisimamisha mbele ya mteja.

Fundi wa cherehani huijua vyema zaidi. Tepu yake haina Uingereza wala Marekani. Inchi 38 za kiuno ni inchi 38, na fundi hukata kitambaa kufuata mwili badala ya kuulazimisha mwili ufuate kitambaa. Katika Pwani, leso imekwenda mbali zaidi kwa kutokuwa na saizi kabisa. Doti ileile ya leso humfaa msichana, bi harusi, mama mzazi na nyanya, na hakuna hata mmoja anayeulizwa kiuno chake ni cha inchi ngapi. Pengine hiyo ni mojawapo ya sababu zinazomfanya mwanamke aliyeshinda siku nzima akibanwa na sketi ya ofisini ajifunge leso punde tu aingiapo nyumbani.

Macho ya watu

Hata hivyo, mwili ni nusu tu ya jambo hili. Nusu ya pili ni macho ya wengine. Siku moja utingo wa matatu humwita mwanamke "mathe" kwa mara ya kwanza. Mwanamume naye huamkiwa "mzee" na kijana ambaye si mdogo wake sana. Neno lenyewe ni la heshima, lakini linachoma kwa sababu linafichua jinsi ulimwengu unavyomwona mtu kabla yeye mwenyewe hajajiona hivyo.

Kuanzia hapo, mavazi huwa kesi yenye mashtaka mawili yanayopingana. Mwanamke wa miaka 50 akivaa suruali ya jinzi inayombana, huambiwa anajifanya msichana na kushindana na bintiye. Akivaa gauni pana lisilo na umbo, huambiwa amejiachilia. Njia ya katikati ni nyembamba, haina alama, na kila jirani ana maoni kuhusu mahali inapopita. Binti nyumbani humwambia avae ya kisasa, mama mkwe akamwambia avae ya heshima, na mumewe hasemi lolote hadi siku anapomlinganisha na mwingine.

Nchini Kenya macho haya yamewahi kuwa hatari halisi. Mnamo Novemba 2014, baada ya picha za mwanamke aliyevuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye kituo cha magari jijini Nairobi kusambaa, mamia ya wanawake na wanaume waliomuunga mkono waliandamana kudai haki ya mwanamke kuvaa atakavyo. Mwaka huohuo, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama iliongeza kifungu cha 251A katika Kanuni ya Adhabu. Kifungu hicho kinamwadhibu anayemvua mwenzake nguo kwa lazima kwa kifungo kisichopungua miaka 10.

Mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 35 wakati huo sasa amepita 45. Sheria ipo, lakini mazoea ya kujikagua mlangoni kabla ya kuelekea kituoni hayafutwi na Bunge. Wengi wa rika lake wamezoea kuvaa kwa kujikinga. Kwao swali "nitapendeza?" huja baada ya swali "nitafika salama?" Anapofikia umri ambao huenda hatabughudhiwa tena njiani, hugundua kuwa hajawahi kujiuliza yeye mwenyewe anapenda nini.

Wanaume nao huamuliwa. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kitaifa Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya kiasili katika majengo ya Bunge. Suti hiyo, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia Kenneth Kaunda, ilikuwa imerejea kwa kishindo miongoni mwa wanaume wa makamo, baada ya Rais William Ruto kuonekana nayo mara kwa mara. Mvuto wake si siasa pekee. Ni vazi lisilohitaji tai, halikabi shingo, na koti lake huteremka juu ya tumbo bila kulitangaza. Mjadala uliofuata ulionyesha kwamba hata mtu mwenye cheo kikubwa huweza kuambiwa vazi linalompa utulivu halifai.

Rika lilipokuwa na vazi

Katika jamii nyingi za Kenya, mtu hakuachwa peke yake na swali hili. Umri ulikuwa na alama zake. Shanga, ngozi, namna ya kunyoa na mapambo ya masikio yalibadilika mtu alipovuka kutoka rika moja hadi jingine. Miongoni mwa Wamaasai, kwa mfano, mapambo ya shaba yaliyosokotwa yaitwayo surutia yalimtambulisha mwanamke aliyekwisha kuolewa. Kuzeeka kulimwongezea mtu kitu mwilini, na waliomtazama walijua kilichoongezwa ni hadhi.

Leo daraja hilo halipo. Duka humuuzia mwanamke wa miaka 50 nguo zilizobuniwa kwa msichana wa miaka 20, kisha humlaumu kimyakimya zisipomkaa. Pengo hilo kwa kiasi limezibwa na sare. Woman's Guild wa kanisa la PCEA, Mothers' Union wa Kanisa la Anglikana, pamoja na vyama vya akina mama mitaani vinavyoshona kitenge cha aina moja kwa ajili ya harusi, vinafanya kazi ambayo wengi hawaioni. Siku ya sare, mwanamke haamki na kesi. Anajua atavaa nini, anajua wenzake watavaa hivyohivyo, na anajua kwamba vazi hilo linasema "mimi ni wa hapa" badala ya "mimi nina miaka mingapi".

Hii ndiyo sababu mwanachama ambaye hukosa sherehe za Jumamosi kwa kisingizio cha homa anaweza kufika kanisani kila Jumapili bila kukosa.

Wataalamu wasemavyo

Dhana kwamba katikati ya maisha kuna msukosuko ilipata jina kutoka kwa Elliott Jaques, mtaalamu wa saikolojia mzaliwa wa Kanada, katika makala yake ya mwaka wa 1965. Alieleza kuwa katika umri huo mtu hutambua kwa mara ya kwanza kwamba miaka iliyosalia ina mwisho. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba si kila mtu hupitia msukosuko wa aina hiyo. Hata hivyo, kioo cha asubuhi ni mojawapo ya mahali ambapo utambuzi huo humjia mtu, kwa kuwa uso anaoukuta humo mara nyingi ni wa mama yake au baba yake.

Erik Erikson, aliyegawa maisha ya binadamu katika hatua nane kwenye kitabu chake cha 1950, alisema kazi kuu ya umri wa makamo ni kulea kizazi kijacho, na kwamba hatari yake ni kudumaa. Kwa mtazamo huo, swali la mavazi hubadilika. Badala ya "nifanyeje nionekane kijana?" mtu huweza kujiuliza "vazi gani litaniwezesha kuifanya kazi yangu na kuwa mahali ninapohitajika?" Kwa wafanyakazi wa serikali swali hili lina uzito zaidi, kwani tangu 2009 umri wa kustaafu umekuwa miaka 60 badala ya 55. Mtu wa miaka 50 bado ana mwongo mzima wa kuamka na kujivika kwenda kazini.

Je, vazi huweza kubadilisha hisia? Mwaka wa 2012, watafiti Hajo Adam na Adam Galinsky nchini Marekani waliripoti kwamba watu waliovaa koti jeupe walilodhani ni la daktari walikuwa makini zaidi kuliko waliodhani ni la mchoraji. Jaribio mojawapo liliporudiwa na watafiti wengine mwaka wa 2019, halikutoa matokeo hayo. Kwa hivyo, si busara kumwahidi mtu kwamba gauni jipya litamtibu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda hubaki pale furaha ya upya inapoisha. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni dogo zaidi: vazi lisilobana na lisilohitaji kuvutwa kila dakika humwachia mtu akili ya kusikiliza wengine.

Kuaga na kupima upya

Hatua ya kwanza kwa aliye katika hali hii ni kuaga. Nguo zinaweza kugawanywa mafungu matatu. La kwanza ni zinazovaliwa leo, na hizo ndizo pekee zinazostahili kubaki mbele ya macho. La pili ni za kumbukumbu. Hizi chache ziwekwe sandukuni, kwa sababu ni urithi na hazina tena kazi ya kuvaliwa. La tatu ni zinazosuta, na hizo zipewe mtu zitakayemsitiri. Kazi hii isifanywe asubuhi ya sherehe. Ifanywe jioni tulivu, na mtu asishangae machozi yakimtoka akikunja rinda la ujauzito.

Hatua ya pili ni kupimwa upya. Wengi hubeba vichwani vipimo vya miaka kumi iliyopita. Fundi apime kifua, kiuno na nyonga, na vipimo viandikwe bila maoni. Nguo nyingi nzuri huweza kuokolewa kwa kufungua mshono, kuongeza kipande ubavuni au kubadilisha zipu, na gharama yake huwa nafuu kuliko gauni jipya. Anayesumbuliwa na joto la ghafla achague pamba na avae tabaka mbili nyepesi badala ya moja nzito.

Hatua ya tatu ni kuwa na vazi moja lililo tayari, lililojaribiwa na kupigwa pasi, kwa ajili ya siku ambayo moyo ni mzito. Sare husaidia kwa sababu uamuzi umekwisha kufanywa. Hakuna kinachomzuia mtu kujiwekea sare yake mwenyewe.

Walio karibu naye pia wana wajibu. Mume anayeambiwa "sina nguo" angefanya vyema kuuliza "unaogopa nini huko uendako?" kabla ya kutoa pochi au kucheka. Na iwapo mtu amekosa hamu ya kuvaa chochote, hajali kuoga, halali vizuri na amejitenga na watu kwa zaidi ya wiki mbili, jambo hilo limepita mavazi. Hizo huweza kuwa dalili za mfadhaiko, na mahali pake ni kwa daktari.

Kuhusu yule mwalimu, sherehe ya mahari hairudiwi. Rafikiye aliketi Murang'a siku hiyo akitazama kiti kilichokuwa kimetengwa karibu naye, asijue kwamba aliyepaswa kukikalia alizuiwa na zipu. Angefika na suti yake ya samawati, huenda mtu mmoja au wawili wangeiona kuwa ya kiofisi. Mama wa binti angeona amekuja. Harusi yenyewe bado haijafanyika, na gauni la kitenge likipelekwa kwa fundi Jumatatu, kipande cha inchi tatu kila ubavu kitatosha.